Jioni Yangu ya Kwanza kwenye Kikao cha Bodi ya Shule

Jana jioni nilihudhuria kikao cha bodi ya elimu ya wilaya yetu ndogo ya shule pembezoni mwa Columbus, Ohio, nikitarajia kumkuta mkurugenzi wa shule za wilaya akitoa maagizo. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akihojiwa, na wanaomhoji ni majirani zetu watano tuliowachagua kwa muhula wa miaka 4, ambao ndio waliomwajiri yeye na mhasibu mkuu pia. Walitumia muda mrefu kujipongeza kwa nyota za ubora ambazo jimbo huzipa shule, 1 hadi 5, tangu 2022, mpaka mama mmoja akauliza kwa upole mbona basi la wanawe huchelewa kila asubuhi.

Jibu lilikuwa uhaba wa fedha. Sheria ya mwaka 1976 huzuia kodi nyingi za majengo za kugharimia shule zilizopitishwa kwa kura zisiongeze mapato kwa sababu tu nyumba zimepanda thamani, kwa hiyo bodi hulazimika kurudi kwetu kila baada ya miaka michache kuomba tupigie kura kodi nyingine. Mahakama ya Juu ya Ohio ilikwisha kutamka mwaka 1997 kwamba kutegemea mno kodi ya majengo kugharimia shule kunakiuka katiba ya jimbo, lakini bodi bado inaitegemea, na wazee waliokaa nyuma yangu, wanaoishi kwa pensheni, walikuwa tayari wanatikisa vichwa kuikataa.