Nilivyobandua saruji ili mama apumue

Nyumba yetu ya Mji Mkongwe haikuwa na tatizo kubwa mpaka ilipotengenezwa. Nasema hivi makusudi, kwa sababu kila nikieleza habari ya kifua cha mama, watu hunipa pole na kunambia, "Nyumba za zamani ndivyo zilivyo, zina fangasi." Hapana. Watu wamezaliwa na kuzeekea humo, na kifua chao kizima. Koga imeletwa na matengenezo, tena matengenezo ya gharama.

Kaka yangu anafanya kazi Maskati. Anampenda mama, hilo sina shaka nalo, na alipopata fedha alitaka akae pazuri kama anapokaa yeye. Akatuma pesa, akaleta na fundi wake, na maelekezo yakawa yanakuja kwa sauti za WhatsApp usiku wa manane. Kuta za chini, zilizokuwa zikipukutika chokaa kidogo karibu na sakafu, zikapigwa plasta ya saruji, juu yake skimu ya kulainishia ukuta, juu yake rangi ya mafuta inayong'aa. Ua wa ndani ukafunikwa kwa mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, maana mvua ilikuwa ikiingia. Madirisha ya mbao yanayotazama uani, yale yenye vibao vya kupitishia upepo, yakang'olewa yakaingia ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo hata uyafungue yote unapata nusu dirisha tu. Chumba chake yeye, anachokilalia anapokuja likizo, kikatiwa AC.

Nyumba ikapendeza, siwezi kukataa. Jirani walikuja kuitazama.

Masika yalipoingia, mama akaanza. Pumu anayo tangu usichana, lakini ilikuwa ya kumjia mara moja moja. Sasa ile dawa ya kuvuta ikawa haitoki mkononi. Usiku namsikia kutoka ghorofani, kifua kinapiga mluzi. Akienda kwa mama mdogo Michenzani kupumzika, kinafunguka. Akirudi, kinafunga. Daktari hakuhangaika sana. Aliuliza kama nyumbani kuna ukuta wenye maji au harufu ya uvundo, akaandika dawa, akasema dawa peke yake haitatosha kama chumba ni kile kile. Baadaye nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima mwaka 2009 juu ya unyevu na koga ndani ya nyumba, na kuzidi kwa pumu kumo humo ndani. Kumbe jambo linajulikana, ila halijafika kwa mafundi.

Ushauri nilioupata baada ya hapo ungejaza gunia. Shangazi alisema harufu ile ni ya kufukizwa, tutie ubani asubuhi na udi jioni. Mama anapenda udi, na mimi pia naupenda, lakini moshi ni moshi, na kuuwasha ndani ya chumba chenye nusu dirisha kwa mtu wa pumu ni kumwongezea mzigo. Chetezo nikakihamishia barazani, na shangazi hakufurahi.

Jirani mmoja, mwanamke msafi sana, akaja na ndoo yake. Ndani kachanganya jiki na ile dawa kali ya kusafishia choo, "ili iue mizizi." Alipoanza kumimina ukutani tulitoka sote mbio mpaka njiani, macho yanatiririka, na yeye wa mbele kabisa, mtandio puani. Jiki ikikutana na tindikali inatoa gesi ya klorini, ambayo zamani ilitumika vitani. Kila moja peke yake ina kazi yake. Pamoja, hata kwenye choo usithubutu. Alhamdulillahi mama alikuwa Michenzani siku ile.

Lakini kilichoniudhi kuliko vyote ni fundi. Nilimwita aone koga nyeusi iliyotambaa nyuma ya kitanda. Akaipangusa kwa kitambaa kikavu (vumbi lake lote likaruka chumbani), akasema rangi ilikuwa nyepesi, inatakiwa ile isiyopitisha maji kabisa. Kaka kule akaafiki kwa sauti ya dakika nzima. Ikanunuliwa ndoo, laki na kitu, ikapakwa mikono miwili. Harufu yake ilikaa chumbani wiki nzima, na mama ikabidi alale ukumbini. Halafu ukuta ukaanza kutoa malengelenge. Madogo kwanza, kisha ya ukubwa wa chungwa. Nikalitoboa moja kwa sindano ya kushonea, likanirukia maji usoni! Nikayaonja, yana chumvi. Nikalitoboa la pili nikirikodi video, nikaipeleka Maskati bila ya neno lolote. Jibu likachelewa mpaka kesho yake: "Fundi anasema umelitoboa ndiyo maana."

Hapo ndipo nilipoamua kufanya uchunguzi wangu mwenyewe, na kwa hili najisifu bila ya haya.

Nilitaka kujua maji yanatoka wapi, ndani ya ukuta au hewani, kwa sababu dawa zake si moja. Nikachukua ile nailoni ya kujaladia madaftari, nikakata vipande vya mraba, shubiri kwa shubiri. Pahala pa kubandika nikapalowesha kwanza, nikakwangua rangi yote kwa kisu mpaka kwenye plasta, maana ukibandika juu ya rangi ya mafuta unapima rangi, hupimi ukuta. Nikaacha pakauke kwa juu, nikabandika nailoni kwa solotepu ya maboksi pande zote nne, nikaiacha mpaka siku ya pili. Kimoja nilikiweka chumbani kwa mama karibu na sakafu, kimoja usawa wa dirisha, na kimoja kwenye ukuta wa korido ambao kwa upande wa pili ni chumba cha AC. Watoto wakauliza kama ni hirizi.

Asubuhi kile cha chini kilikuwa kimejaa matone kwa nyuma, upande wa ukuta. Cha usawa wa dirisha vilevile, na hilo lilinishtua, kwa sababu zamani unyevu haukupita kifundo cha mguu. Cha korido kilikuwa kikavu nyuma ila mbele kinatoka jasho. Basi tulikuwa na maradhi mawili, maji ya ndani ya ukuta na maji ya hewani, na fundi alikuwa akitibu la tatu lisilokuwepo.

La korido lilikuwa jepesi. Kaka aliacha maagizo chumba chake kiwe kinapoozwa ili godoro lisiharibike, na mtoto wa dada yangu alikuwa akiweka AC 18. Hewa yetu ya pwani ina maji mengi. Miezi ya joto inaanza kudondosha umande kwenye kitu chochote kilichopoa chini ya nyuzi 24 hivi. Ukuta wa korido ulikuwa unatoa jasho sawasawa na gilasi ya maji ya barafu. AC ikapandishwa 26, kabati likasogezwa shubiri moja kutoka ukutani, na koga ya pale haikurudi. Haikutugharimu hata senti. Hapa niseme pia kwamba ile nasaha ya mitandaoni ya kuweka unyevu wa hewa chini ya asilimia 60 imeandikwa na watu wasioijua Unguja mwezi wa Aprili. Huku kwetu unachoweza kukifukuza ni maji ya ukutani na hewa iliyosimama.

La chumba cha mama ndilo lililotaka akili za mtu mwingine. Nikatafutiwa mzee mmoja wa shamba aliyefanya kazi ya chokaa tangu ujana wake. Alipoingia nilimwamkia, akajibu huku tayari anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

"Mwanangu, nani aliyeuvisha ukuta koti la mvua na ndani umelowa?"

Nikamwambia kaka yangu. Akacheka mpaka akakaa.

Alivyonieleza ni hivi. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa na udongo, nene zaidi ya nusu mita, na hazina kitu chini cha kuzuia maji ya ardhini. Maji yanapanda, siku zote yalikuwa yakipanda. Lakini chokaa ina vitundu, kwa hiyo yanatoka nje kwa mvuke na chumvi inabaki juu, chokaa inapukutika kidogo, kila baada ya muda unapaka tena. Ule upukutikaji tuliouona aibu ndio uliokuwa kazi yake. Ukipiga saruji na rangi ya mafuta, maji hayana pa kutokea, yanazidi kupanda yatafute njia. Ndiyo yakafika dirishani. Na chokaa mbichi ina ukali ambao koga haiupendi, wakati skimu na rangi iliyolowa ni chakula na kitanda.

Kubandua ndiyo sehemu ambayo watu wengi huugulia, na sitaki kuipita haraka. Mama alihamia Michenzani, hakurudi hata kuchukua kanga. Vijana wa mzee walitaka kuanza kwa tindo na nyundo kavu kavu. Nikakataa. Plasta ya saruji ina mchanga, mchanga una silika, na vumbi lake lile dogo usiloliona ndilo linalofika ndani kabisa ya mapafu na kukaa. Nikanunua pampu mpya ya kunyunyizia miche, kila pahala palipogongwa palilowanishwa kwanza. Barakoa zilikuwa zile ngumu za N95. Walinicheka siku ya mwanzo; siku ya pili mmoja alinionyesha yake ilivyobadilika rangi, wakaacha kucheka. Milangoni nilitundika kanga zilizoloweshwa, na ukitaka kujua zilifanya kazi gani ungeyaona maji ya kuzifulia. Kufagia kukavu marufuku, tambara la maji tu. Kijana mmoja alitaka kupiga msasa mlango wa zamani wenye rangi ya mafuta wakati yuko pale pale, nikamnyang'anya msasa: rangi za mafuta za zamani nyingi zina risasi, na risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa ni salama, hasa kwa watoto, na mtoto mdogo wa dada yangu alikuwa anatambaa.

Ukuta ukaachwa wazi miezi, sikumbuki mingapi, mpaka kusi likaisha. Wageni wakiingia wanauliza kama tumefilisika. Chokaa ilikuja imeshachomwa na kuzimwa kwa maji, ikakaa kwenye pipa ikilainika. Kuishika utake glavu na miwani, inaunguza ngozi na jicho. Ikapigwa kwa matabaka membamba, kila moja likinyunyiziwa maji lisikauke haraka, kwa sababu chokaa inagandishwa na hewa, haigandishwi na jua. Tabaka la mwisho la ukumbini vijana waliliharakisha, na matokeo yake shangazi aliegemea ukuta akaondoka na buibui jeusi lenye mgongo mweupe. Sijui kama amesamehe, ukijumlisha na habari ya chetezo.

Fedha? Milioni na kitu, labda mbili, sikuweka hesabu nzuri. Chini ya aliyotumia kaka kuuziba.

Uani nusura nisahau, na huenda ndiko kulikokuwa na hatari kubwa kuliko koga. Mama hupika kwa jiko la mkaa uani. Zamani ua ulikuwa wazi, moto wa jiko na joto la mchana vinapanda juu, na vikipanda vinavuta hewa baridi kutoka mlango wa njiani. Ndiyo maana nyumba ilikuwa na upepo hata siku isiyo na upepo. Tulipoweka mabati tuliuziba mdomo wa juu. Mama akawa analalamika kichwa kila akishapika, nasi tukimpa panadoli. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na inaua. Sikuyatoa mabati, maana kaka angelia kweli. Niliyanyanyua. Fundi wa kuchomelea alitengeneza miguu ya chuma, paa likapanda kiasi cha dhiraa moja juu ya ukuta, pande zote wazi, na kingo zikatokezwa mbele mvua isipige ndani. Siku hiyo hiyo pazia la mlango wa njiani lilianza kucheza. Jiko la mkaa sasa ni la mikate na samaki tu. Chai na wali ni gesi.

Madirisha ya mbao sikuyapata yote, mawili yalishauzwa. Yaliyobaki yamerudi. Bomba la paa lililokuwa likimwaga maji mguuni mwa ukuta nililitengeneza mwanzo kabisa, lakini hilo nadhani kila mtu angelifanya.

Mama karudi chini chumbani kwake. Dawa hajaacha na hataacha, daktari kasema, ila ile ya kuvuta wakati wa kubanwa sasa anaitafuta ilipo akiihitaji, mara nyingine iko ndani ya pochi ya zamani. Kaka anakuja Idi hii. Ameshauliza kama chumba chake nacho tumekiharibu. Nimemjibu bado, namsubiri aje ashike pampu ya maji mwenyewe, na barakoa yake nimemuwekea.