Vinundu vya Mkunde

Masika haya, mchanga wa shamba letu la Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, ulipokuwa bado laini, niling'oa mkunde mmoja nikamwonyesha shangazi vinundu vilivyoshika mizizini. Miaka yote alividhani ni ugonjwa. Nilipopasua kimoja kwa wembe, ndani kilikuwa chekundu kwa sababu ya protini inayofanana na ile ya damu yetu. Wekundu huo ni dalili kwamba bakteria waliomo wanaigeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea.

Bakteria hao ni jamaa za Bradyrhizobium diazoefficiens (zamani akiitwa B. japonicum), mwenzi wa soya, ambaye jenomu yake, yaani DNA yake yote, yenye herufi zaidi ya milioni 9, ilisomwa na kuchapishwa na watafiti wa Japani mwaka 2002. Usomaji wa namna hiyo huonyesha jeni za nif, zinazounda kimeng'enya cha kunasa naitrojeni, na jeni za nod, zinazotoa ishara inayoufanya mzizi umpokee mgeni wake.

Linalonishughulisha zaidi lilitokea New Zealand. Huko bakteria wa aina moja walipandwa pamoja na mbegu za malisho, na baada ya miaka 7 vinundu vikakutwa na bakteria wa aina nyingine kabisa, wenyeji wa udongo ule, waliokuwa wamepokea kipande cha jenomu ya wageni chenye herufi kama 500,000, na kwa kipande hicho wakapata uwezo wa kuishi na mmea ambao hapo awali haukuwahusu. Bila kusoma DNA, jambo hilo lisingejulikana. Ndiyo maana natamani sana udongo wa pwani yetu upimwe na DNA ya bakteria wake isomwe kabla hatujauzwa pakiti za bakteria wa kwingine, ambao mara nyingi hushindwa na wenyeji katika kuigombea mizizi. Hata hivyo jeni peke yake haisemi nani atashinda. Hilo hujulikana shambani.

"Basi kama wenyeji wapo, pakiti za nini, mwanangu?" aliuliza shangazi. Nilimjibu kwamba kunde hazichagui sana wenzi, ila soya nyingi huchagua, na shamba ambalo halijawahi kupandwa soya huenda likawakosa bakteria wake.

Msimu huu tumeacha mistari miwili ya kunde bila mbolea ya dukani. Kila wiki shangazi hung'oa mkunde mmoja, akavipasua vinundu mwenyewe.