Kichujio hakijui mteja anaongea lugha gani

Kampeni mpya ikifunguliwa tu, meneja hunijia mezani na ombi lile lile: "Dada, nichujie watu wa Kiswahili." Anaamini kuna kitufe. Mimi nasimamia meza ya Kiswahili kwenye kituo cha miito hapa Kampala. Kwa kuwa SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, hainitishi, kazi ya kuandika vichujio imeniangukia, na sasa kila anayetaka orodha yake ikatwe vizuri ananitafuta mimi.

Tunatumia VICIdial, programu huria ya kupigia wateja simu, inayofanya kazi juu ya Asterisk, mfumo huria wa simu. Kumbukumbu za wateja zote hukaa kwenye jedwali moja, vicidial_list: namba, jina, mahali, hali ya simu ya mwisho, amepigiwa mara ngapi. Kichujio ni kipande cha SQL unachokiandika kwenye ukurasa wa msimamizi. Usianze na "and" wala usimalizie nayo, programu hukiunganisha yenyewe kila inapochota namba za kupiga. Kuna skripti inayoamka kila dakika na kujaza hopa, yaani foleni ya namba zinazosubiri zamu. Hili la hopa wengi hulisahau. Ukibadilisha kichujio saa nne asubuhi, namba zilizokwisha kuingia foleni bado zitapigwa, mpaka uifute hopa ijazwe upya. Ndiyo maana wahudumu hulalamika kwamba "kichujio kipya hakifanyi kazi" wakati kinafanya kazi vizuri sana.

Nilipokabidhiwa meza hii nilikuta kichujio kimepewa jina SWAHILI, na ndani yake hivi:

called_count < 5 and province in ('ARUA', 'HOIMA', 'KYEGEGWA')

Yaani waliopigiwa chini ya mara tano, wa wilaya hizo tatu. Kwanza niseme kwa nini wilaya iko kwenye safu ya province. Safu ya state inabeba herufi mbili tu, kwa sababu ilikatwa kwa kipimo cha majimbo ya Marekani. Ukiingiza ARUA humo utabaki na AR, na AR ni Arkansas.

Mantiki ya mwandishi wake naielewa. Arua watu wanaongea Kiswahili sokoni, Kyegegwa kuna Kyaka II, Hoima kuna Kyangwali, na kwenye kambi hizo wamo Wakongomani wengi. Lakini Kyangwali haiko Hoima tena. Kikuube ilimegwa ikawa wilaya mwaka 2018. Terego nayo ilitoka Arua mwaka 2020. Orodha zetu zimeingizwa na watu tofauti, miaka tofauti, kwa hiyo majirani wawili wa kijiji kimoja wanaweza kuwa mmoja HOIMA na mwingine KIKUUBE. Kichujio kinamchukua huyu na kumwacha yule, na hakuna kengele inayolia.

Hilo la majina ya wilaya linatibika, unaongeza majina mawili umemaliza. Kubwa zaidi ni kwamba wilaya si lugha. Arua utampigia mama aliyezoea Kilugbara, umwamkie kwa Kiswahili, akate simu akidhani ni polisi. Na Bombo, nilikozaliwa mimi, Wanubi tumejaa na Kiswahili chetu, lakini Bombo iko Luweero, na Luweero kwenye mpango ule wa kuchuja kwa wilaya ni Kiganda moja kwa moja. Mama yangu mzazi kichujio cha SWAHILI kisingempata. Wala wafanyabiashara wa Busia, wala askari wastaafu waliohamia Kampala.

Mwenzetu mmoja akapendekeza tuchuje kwa majina: wenye majina ya Kiislamu wapelekwe meza ya Kiswahili. Nilimwambia aende Kibuli, kwenye msikiti mkubwa hapa Kampala, siku ya Ijumaa asikilize watu wanaongea nini wakitoka msikitini: Kiganda.

Dawa ni kumuuliza mteja na kuandika jibu mahali ambapo kichujio kitalikuta. Hapa pana ugumu mdogo. Safu za ziada unazojitengenezea kwenye VICIdial hukaa kwenye jedwali lake, kila orodha na lake, na kichujio cha kawaida hakizioni mpaka uandike swali ndani ya swali. Sisi tulichukua security_phrase, safu iliyomo tayari kwenye vicidial_list ambayo hakuna aliyekuwa akiitumia, tukaifanya ya lugha. Jina halifanani na kazi, najua, na kila mgeni hushangaa. Mhudumu anauliza lugha mapema kwenye simu ya kwanza, anaandika herufi mbili za lugha hiyo, SW (Kiswahili), LG (Kiganda), LB au RN, basi. Kichujio kikawa kifupi:

security_phrase = 'SW' and called_count < 5

Kwa ambao hawajaulizwa bado kuna mtego. Mtu ataandika security_phrase != 'LG' akitegemea kupata kila asiye wa Kiganda. Safu ikiwa NULL, yaani haijawahi kuandikwa kitu, SQL haijibu ndiyo wala hapana, na kumbukumbu hiyo inaachwa. Yaani unawapoteza wale wale uliotaka kuwauliza. Andika wazi:

(security_phrase is null or security_phrase = '')

Mabano hayo yaache hapo. Ukiongeza "and called_count < 5" bila mabano, "and" hushika kwanza, na sharti la mara tano litawahusu wenye safu tupu tu. Wenye NULL watapigiwa hadi wachoke.

Kabla ya kukiunganisha na kampeni, kijaribu. Ukurasa wenyewe unakuruhusu kukipima uone ni kumbukumbu ngapi zinabaki. Mimi huenda mbali zaidi: naendesha hesabu kwa kila wilaya na kila lugha, nione kama kuna wilaya iliyozama ghafla. Namba zinazoanza na 79 zilizoingizwa kabla ya Africell kufunga shughuli hapa mwaka 2021 nazitoa kabisa, zilikuwa zinakula muda wa wahudumu bure.

Kitu kimoja sikiweki kwenye kichujio hata nikiombwa: waliosema tusiwapigie tena. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inampa mteja haki ya kukataa kutangaziwa biashara, na kichujio mtu yeyote mwenye nywila anaweza kukiondoa Jumatatu asubuhi kwa sababu orodha imepungua. Hao wanaingia kwenye orodha ya DNC (Do Not Call, wasiopigiwa), na kampeni inawekwa iisome kila inapojaza hopa. Meneja akija na "Dada, wafungulie hao kidogo tu, mwisho wa mwezi umefika," namwambia alete ombi hilo kwa maandishi. Hajawahi kuleta.