Maji ya Miguu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni Luka 7:36–50, lakini kabla sijalifungua inabidi niungame.

Jumamosi iliyopita shangazi yangu alishuka kutoka Kidia, Old Moshi. Ana miaka sabini na kitu, goti moja linamsumbua, na alipanda gari mbili mpaka kufika kwangu Pasua, akiwa na kiroba cha ndizi mshare na kidumu cha maziwa mgando. Kwa hesabu zangu nilimpokea vizuri. Shikamoo nilitoa, kiti kizuri alipewa, chai ya maziwa ikaja, na jikoni wali na nyama vilikuwa njiani.

Ila simu haikutoka mkononi. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya harusi ya kijana wetu mmoja, na siku hiyo nilikuwa naandika orodha ya wote ambao hawajamaliza ahadi zao, jina na kiasi, niirushe kwenye kikundi cha WhatsApp. Shangazi alikuwa anasimulia habari za kihamba, shamba letu la ukoo: jirani ameng'oa usiku masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, na sasa anadai mpaka haukuwa pale. Nikawa naitikia, "Eeh. Eeh, shangazi." Mara nikaitika "eeh" nyingine, nikashtuka chumba kiko kimya. Alikuwa ameshanyamaza muda, sijui tangu lini.

Akacheka kidogo. "Basi baba, nimewaona. Wacha niwahi gari kabla ya mvua."

Ilikuwa saa nane mchana na anga nyeupe. Wali haujaiva.

Sasa tumwendee Simoni, yule Farisayo wa somo letu. Tumezoea kumhubiri kama mtu mbaya, lakini tumtendee haki: alimkaribisha Bwana nyumbani, akamwandalia chakula. Wangapi walifanya hivyo? Alichoacha ni vitu vidogo. Watu wa nchi ile walitembea na viatu vya wazi kwenye njia za vumbi, hivyo mgeni alipewa maji ya miguu, akabusiwa, na kichwa kikapakwa mafuta. "Niliingia nyumbani kwako, hukunipa maji kwa miguu yangu," Yesu anamwambia, kisha anayataja moja moja. Kumbe aliyaona yote tangu mlangoni.

Hapo ndipo nilipokwama wiki nzima. Aliyaona, na akanyamaza. Alikaa chakulani na miguu yenye vumbi, hakusema neno. Aliongea tu pale Simoni alipoanza kumdharau moyoni yule mwanamke aliyekuwa analia miguuni pake. Maji ambayo Bwana hakuyadai kwa ajili yake mwenyewe, aliyataja ili kumtetea mwingine.

Sisi huwa tunafanya kinyume, hasa sisi wenye mvi. Mambo ya Walawi 19:32 inasema, "Mwondokee mtu mwenye mvi," na andiko hilo nimelisikia likisomwa kwa sauti kubwa ndani ya Hiace ya Kiborloni, likisomewa binti aliyekalia kiti na vitabu vyake vya shule mapajani. Binti akainuka huku machozi yanamlengalenga. Mzee akakaa. Andiko ni la kweli na binti alipaswa kuinuka, sikatai, lakini sote mle ndani tulitamani kushuka.

Paulo naye ana neno. Katika ule wimbo wa upendo, 1 Wakorintho 13, baada ya lugha za malaika na imani ya kuhamisha milima, anashuka mpaka mahali ambapo sisi tusingefika: upendo "haukosi kuwa na adabu". Ukitaka kujua kwa nini, rudi sura ya 11. Wakorintho walikuwa wakikutana kula, na kila mmoja akatangulia kula chakula chake, "hata huyu ana njaa, na huyu amelewa." Paulo anakemea kwa ukali, anawakumbusha usiku ule Bwana aliotolewa, na baada ya uzito wote huo agizo lenyewe ni jepesi kama la mama jikoni: "mkutanikapo mpate kula, mngojane."

Mngojane! Nikiwaza harusi zetu hapa mjini natamani neno hilo liandikwe juu ya meza ya chakula. Kadi imeandikwa single, ya mtu mmoja, wanashuka watatu. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, haijamaliza kuzunguka ukumbi na tayari kuna mtu anafungasha. Na wakati wa pete, simu kumi na tano zimesimama mbele ya maharusi kama uzio, mama mzazi wa bibi harusi yuko nyuma ya uzio, ananyoosha shingo. Haya tunayajua, nisiyarefushe.

Ninalotaka kulisema ni lile la orodha yangu. Niliirusha jioni ile ile, shangazi akiwa hata hajafika Kidia, nadhani. Majina ishirini na mbili. Wengine wakajibu kwa mzaha, mmoja akajitoa kwenye kikundi. Katikati ya orodha kulikuwa na mama mjane, aliahidi elfu hamsini. Usiku akanitumia elfu ishirini kwa simu, na ujumbe: "Samahani mweka hazina. Iliyobaki nitaleta nikiuza mahindi."

Wapendwa, nilimkumbuka Simoni. Chakula kipo, ukumbi umelipiwa, mziki umelipiwa, na mtu ameingia nyumbani kwetu tukamwacha na vumbi lake mbele ya watu wote. Ningeweza kumpigia kila mmoja kwa wakati wake. Simu ishirini na mbili, siku mbili za kazi. Niliona orodha ni haraka zaidi. Nikaifuta asubuhi, ingawa kila aliyetaka kuisoma alikuwa ameshaisoma, na Jumatatu nikaenda kwa yule mama kwa miguu. Tuliyozungumza nayaacha hukohuko.

Jumanne nikapanda Kidia. Simu niliiacha nyumbani juu ya kabati, na nilipofika stendi mkono ukawa unaipapasa mfukoni kila dakika kama mtu aliyeng'olewa jino.

Wanaotoka milimani mnajua isale. Ni jani la mpakani, na ni jani la msamaha pia: uliyemkosea ukimpelekea isale, ni vigumu sana akukatae. Najua wapo watakaosema nachanganya mila na Injili. Mimi nasema tu kwamba babu zetu walijua "samahani" ya mdomo ni nyepesi, ikabidi mtu aibebe mkononi, atembee nayo, aonekane nayo njiani. Siku hizi tunatuma kikatuni cha viganja viwili vilivyofumbatana na tumemaliza.

Nilipofika mpakani niliona mashimo yale ambako masale yameng'olewa, udongo bado mbichi. Upande wa pili yalibaki machache. Nikachuma jani moja, nusu mzaha nusu kweli, nikaingia nalo uani.

Shangazi alikuwa anamenya ndizi. Akalitazama lile jani, akanitazama mimi, akafuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba." Akalipokea, akaliweka mezani kando ya sufuria. "Simu yako iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani."

Akanisogezea kigoda. Akachukua ndizi nyingine na kisu, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayetafuta ukurasa.

"Basi asubuhi ile nikatoka na tochi," akasema, "nikamkuta ameshika jembe."

Pale pale nilipomwachisha.