Majina ya watu yasitafsiriwe
Ninatunza tovuti ya ushirika wa wasuka vikapu, na wageni wengi huisoma kwa Kiingereza kupitia kitafsiri cha kivinjari. Jambo lililoniumiza ni kuona Neema na Tumaini, ambao majina yao huandikwa chini ya kila kikapu walichosuka, wakigeuzwa kuwa nomino za kawaida, hata mnunuzi asitambue kwamba anasoma habari za mtu.

Dawa yake ni ndogo mno. Katika HTML, yaani lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ipo sifa iitwayo translate, ambayo ukiipa thamani "no" kwenye tegi (alama ya HTML inayozunguka maneno) inayobeba jina, kitafsiri kinachoifuata huliacha jina hilo kama lilivyo na kuendelea na maneno yanayolizunguka. Sifa hiyo hurithiwa: ukiiweka kwenye tegi ya nje, vyote vilivyomo ndani havitafsiriwi, isipokuwa pale unaporuhusu tena kwa "yes". Google Translate huheshimu pia klasi, yaani lebo inayoandikwa ndani ya tegi, iitwayo notranslate.

Nimeyalinda majina ya wasusi na ya vijiji vyao, nikaacha maelezo ya ukili, rangi na vipimo yatafsiriwe, kwa sababu hayo mgeni anayahitaji kweli. Kuzuia ukurasa mzima kunawezekana, lakini sikushauri, kwani kunamnyima msomaji haki ya kuelewa. Nawasihi wanaotengeneza tovuti za Kiswahili watangaze pia lugha ya ukurasa kwa lang="sw", ili kitafsiri kisibahatishe.