Mto umepanda, rudini Julai

Jumamosi, saa nne usiku. Mikono bado inanuka shombo, sabuni imeshindwa.

Leo nimeingia mto Trinity kumtafuta gar. Samaki mwenyewe kachukua asubuhi moja. Mtu wa kunipeleka nimemtafuta tangu Aprili.

Kwa msioishi Texas: alligator gar ni samaki wa mtoni mwenye mdomo wa mamba na magamba magumu kama vigae. Zamani wenyeji asilia wa huku waliyatumia kwa vichwa vya mishale. Mwaka 2023, ziwa Sam Rayburn, alivuliwa mmoja kwa mshipi akiwa na ratili 283, karibu kilo 128. Ila kilichonivuta si ukubwa. Nimekulia Musoma, sangara wakubwa nimeshawaona. Kilichonivuta ni kwamba huyu hupanda juu kuvuta hewa, kama kamongo wetu.

Mwongozaji wa kwanza nilimpata kwa picha zake. Gar wa futi saba wananing'inia kamba shingoni, yeye kasimama pembeni anacheka. Akanihakikishia samaki "asilimia mia". Akataka advansi dola 150, nikatuma. Siku mbili kabla ya safari simu haipokelewi, meseji hazijibiwi. Nilipigwa, basi. Kinachoniuma ni kwamba dalili nilikuwa naziona. Kwenye Trinity, kuanzia Dallas kushuka chini, gar anayezidi inchi 48, yaani futi nne, huruhusiwi kuondoka naye mpaka uwe umeshinda bahati nasibu ya kibali. Sasa hao wa futi saba wanaoning'inia walitoka wapi? Sikuuliza. Niliuliza bei.

Wa pili ni mzee mmoja wa upande wa Palestine, mji wa hapa hapa Texas, mwendo wa kama saa mbili kutoka Dallas. Huyu ndiye aliyenihoji mimi. Umeshavua kwa mshipi au kwa nyavu? Unakuja na nani? Unataka kumla au kumwona? Leseni yake ya uongozaji alinitumia picha kabla sijaitaja. Nikadhani tumemalizana, nikamuuliza nitume hela wapi.

"Usitume. Mto umepanda. Rudini Julai."

Akanieleza kwamba maji yakifurika gar huingia kwenye nyasi na misitu iliyofunikwa maji kutaga, wametawanyika, na pia si vizuri kuwasumbua. Jike huchukua miaka kama kumi hivi kabla ya kuanza kutaga, na si kila mwaka mafuriko yanakuja kwa wakati wake. Kiangazi maji yakishuka hujikusanya kwenye vilindi vya kona za mto. Nilikata simu nikiwa nimeudhika kidogo, nikiri tu. Lakini baba mdogo wangu alikuwa hivyo hivyo na mtumbwi wake. Uje na hela, uje na maneno matamu, akitazama ziwa akasema leo hapana, ni hapana.

Basi leo. Nimekwenda na rafiki yangu, Mkongo wa Bukavu. Chambo ni kipande cha samaki kikubwa kama kiganja, ndoano imefungwa kwa waya wa chuma kwa sababu nailoni ataikata, juu chelezo. Tukakaa. Jua la Texas halina adabu.

Saa tatu na kitu chelezo changu kikaanza kutembea. Hakikuzama, kilitembea tu kuelekea upande wa pili kama mtu aliyekumbuka safari. "Mwachie," mzee akasema. Mshipi ukatoka, ukatoka, ukasimama. "Bado." Mimi mikono ikanitangulia, nikavuta. Chambo kikarudi peke yake, kimetobolewa mistari ya meno. Gar hushika kwanza mdomoni, hukimbia nacho, husimama akakigeuza, ndipo humeza. Mzee hakunisema. Alikata kipande kingine.

Aliyepata ni rafiki yangu, wa futi tano na ushee. Mzee alivaa glavu, akamlaza kwenye tope bichi, akatoa ndoano kwa koleo, akapima, picha mbili, basi. Hakumning'iniza. Alipokuwa anamsukuma kurudi majini yule samaki alitoa pumzi, fuu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Yaani tumelipa feza hii yote juu ya kumurudisha mu mayi?" rafiki yangu akaniuliza kwenye gari. Nikamwambia mayai yake ni sumu kwa binadamu. Akasema yeye hakuuliza mayai, ameuliza nyama.

Tukasimama njiani, tukanunua kuku wa kukaanga. Ndani ya gari ile harufu ya shombo na kuku, hadi Dallas. Mzee ameniandikia sasa hivi: Septemba maji yakiwa chini atanipa nafasi. Hajataja advansi.