Mgeni Wetu Kiroboto

Nairobi, Jumapili, Desemba 14

Leo nimeamka saa kumi na mbili asubuhi nikashtuka: jana usiku sikumhamisha Kiroboto! Stima zilipotea, nikajilaza na watoto gizani tukisikiliza mvua, na usingizi ukanichukua papo hapo.

Kiroboto ni kidoli. Nilimpata sokoni Gikomba kwenye rundo la mitumba ya watoto, kofia yake nyekundu imepauka na mkono mmoja umeshonewa kwa uzi mweusi. Mchezo huu wa kumhamisha kidoli usiku ni wa Marekani, nao ulianza kuenea baada ya mama mmoja na binti yake kutoa kitabu cha watoto mwaka 2005, kikiuzwa pamoja na kidoli chake. Kidoli huja kukaa na familia siku za kuelekea Krismasi, na kila asubuhi watoto hukikuta mahali papya. Ni marufuku kukigusa. Kikiguswa nguvu zake hupotea, mpaka mtoto aombe radhi na kunyunyiza mdalasini kidogo kando yake. Usiku wa kuamkia Krismasi kinakwenda zake.

Kuna kipande kimoja cha mchezo huo nilichokitupa. Inasemekana kila usiku kidoli huruka hadi Ncha ya Kaskazini kumpasha Baba Krismasi habari za watoto, nani mtiifu na nani mtundu. Mwanzoni niliwasimulia hivyo hivyo. Asubuhi ya pili nikamkuta kitindamimba wangu wa miaka mitano sebuleni, suruali ya kulalia imelowa, amesimama juu ya kiti akimfunika Kiroboto uso kwa leso ya nyanya yake. Alikuwa amekojoa kitandani na hakutaka aonekane. Kisha akakumbuka kwamba amemgusa, akaangua kilio.

Nilimkumbatia vile vile alivyolowa. Nikamwambia nilikosea, Kiroboto si mpelelezi, ni mgeni tu, na mgeni mwenye adabu hatoi siri za nyumba aliyolala. Tukanyunyiza mdalasini kutoka kwenye mkebe wa viungo vya chai. Mpaka sasa najiuliza kwa nini nilidhani mtoto anahitaji kuogopeshwa ndipo afurahi.

Neno hilo la mgeni ndilo lililoupa mchezo uhai. Mama yangu yuko nasi, amekuja kutoka Kitui kutibiwa macho. Siku yake ya tatu hapa alikataa kata kata kukaa bure, akaitisha ungo achambue maharagwe. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. Yule mdogo akageuka kutazama rafu.

"Nyanya, na Kiroboto je? Naye ana siku tatu."

"Basi naye apewe kazi," Mama akajibu, wala hakucheka.

Kesho yake Kiroboto alikuwa ameketi ukingoni mwa ungo, maharagwe safi upande mmoja, na mapajani mwake vijiwe vitatu. Mwanangu alichuchumaa akavitazama kwa muda mrefu. Akanong'ona, "Ameviona bila miwani." Tangu siku hiyo Kiroboto amekunja soksi, amelinda unga wa chapati, na ameanikwa kwenye kamba pamoja na nguo, kibanio kimoja kila bega. Sinunui chochote, kazi za nyumba hii zinatosha.

Ndiyo maana leo nilitoka chumbani mbio. Rafu ilikuwa tupu. Kiroboto alikuwa mlangoni, ndani ya buti la mvua la mdogo, kichwa tu kikichungulia, na kando ya buti lile la pili kulikuwa na kitambaa chenye matope. Alikuwa amepangusa viatu. Nikamtazama Mama, akatikisa kichwa. Si yeye.

Mchana nilikaa kumsuka kifungua mimba wangu, ana miaka kumi sasa. Mwaka huu hajaniuliza swali hata moja kuhusu Kiroboto. Alikuwa akinipitishia uzi wa nywele, kipande baada ya kipande, bila kugeuka. Kila aliponyoosha mkono, vidole vyake vilinukia mdalasini.